Ufunguo Kimya

Wiki iliyopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale sokoni Tottenham. Kibanda chake kimebanwa baina ya muuza nywele za bandia na muuza ndizi za kupika, na fundi mwenyewe ni kijana wa Kikongo, mcheshi, asiyeinua macho anapozungumza na mtu. Akaniambia, "Mama, ngoja kidogo, ni waya tu." Akachukua chuma chake cha lehemu, akakigusisha mahali, na kimoshi chembamba kikapanda mpaka puani mwangu. Nikaganda pale pale nilipo. Kijana akaniuliza kama naumwa. Ilibidi muuza ndizi anisogezee kreti nikae.

Harufu ile ya risasi inayoyeyuka na utomvu wake wa kulehemia sikuwa nimeinusa tangu nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimejisahaulisha kwa makusudi. Ninyi wa rika langu mliokulia mji huu mtanielewa nikisema kwamba kuna mambo tuliyaweka juu ya kabati na tukaondoa ngazi. Basi harufu ile ilirudisha ngazi mahali pake, na kwa kuwa nimeshapanda, acha niseme yote.

Nyumba yetu ilikuwa Hayes, pembeni mwa London. Ndege zilipita juu ya paa chini chini hata vikombe vikalia kabatini, na Mama alikuwa akinyamaza katikati ya maneno mpaka ndege ipite, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Baba alipanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na London. Kazi yake mwenyewe, ile aliyojifunza na kuipenda, aliiacha Unguja. Alikuwa mpiga simu ya upepo, mtumaji wa habari hewani bila waya, yeye na kaka yake, meza mbili zinazotazamana katika ofisi moja. Baada ya Mapinduzi wakatawanyika. Kaka mtu akaishia Mombasa, Baba akaishia Hayes, na tangu siku walipoagana hawakuonana tena kwa macho.

Lakini walikuwa wakizungumza. Katika chumba cha nyuma Baba aliweka redio ya kutuma na kupokea, sanduku zito la chuma la kijivu ambalo Mwingereza mmoja mstaafu alikuwa amelichoka. Alifanya mtihani, akapata kibali, akapewa na herufi zake za kujitambulisha hewani. Waya wa eriali ulitoka dirishani ukaenda mpaka kwenye mti wa tufaha wa jirani, na jirani akaishi miaka akidhani ni kamba yetu ya kuanikia nguo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Baba alikaa mbele ya sanduku lake, na kule Mombasa Ami, huyo kaka yake, naye akakaa mbele ya lake. Hawakusema kwa mdomo. Waligonga nukta na mistari, kama walivyozoea ofisini, kwa kile kidude cha shaba chenye springi ambacho Waingereza hukiita ufunguo, na Baba naye akikiita ufunguo. Ule wa kwetu ulitoka Unguja. Ami aliutia mkononi mwa Baba siku ya kuagana, umefungwa kwenye kitambaa, na Baba alisafiri nao mfukoni mwa koti mpaka huku.

Sikuwahi kumwona Ami, hata picha yake hatukuwa nayo. Kwangu mimi Ami alikuwa mlio. Baba alinifundisha kwamba kila mgongaji ana mkono wake kama kila mtu alivyo na sauti yake, na kwamba mkono wa kaka yake angeutambua hata wagonge watu mia kwa pamoja. Nikawa nautambua hata mimi, nisiyejua herufi zaidi ya tano. Ulikuwa mkono wa pole, wenye kusita kidogo kabla ya kila neno, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Na kila Jumapili, mazungumzo yakishakwisha, Ami aligonga mara mbili polepole, nje ya maneno yote. "Hizo zako," Baba huniambia. Nami huinamia sanduku nikasema, "Shikamoo, Ami," nikiamini kabisa kwamba amenisikia.

Sasa lazima niwaeleze sheria ya nyumba, maana bila hiyo hamtafahamu nilichokifanya. Baba hakutaka Kizungu ndani. Alisema Kizungu kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Ukijisahau ukaingia ukiropoka cha shule, hupigwi kofi wala hukemewi: Baba anainua kidole kimoja, na wewe unajua la kufanya. Unatoka nje, unafunga mlango, unabisha hodi, unangoja uitikiwe karibu, ndipo unaingia na kuyasema yale yale kwa Kiswahili. Nimeshatolewa kwenye mvua, nimeshatolewa kwenye theluji, na siku moja nilitolewa nikiwa nataka kusema kwamba sufuria inaungua. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mchuzi ukaungua. Mimi sheria ile niliipenda. Ilikuwa mchezo wetu, wangu na Baba, na nilijiona hodari wa kugeuza maneno kuliko mtoto yeyote wa Hayes.

Jumapili iliyoharibu mambo ilianza kama nyingine. Niko sakafuni nachora, Baba anagonga, Mama anakunja nguo mlangoni. Kisha mgongo wa Baba ukakakamaa.

"Kuna nini tena?" Mama akauliza.

"Huyu kaingiwa na wazimu. Ati anataka kurudi Unguja."

"Si kwao?"

"Kwao wapi? Nyumba ina watu wengine. Watu wetu hawapo. Anakwenda kumwamkia nani?"

"Labda anataka kuiona tu, mwenzangu. Mtu mzima yule, yuko peke yake, mke hana, mtoto hana."

Baba hakumsikiliza. Akaanza kugonga kwa nguvu, na huku anagonga anayatamka maneno, ndiyo maana nikayajua. "Ukitia mguu Unguja, mie sina kaka." Alipomaliza hakungoja jibu. Aliuvuta ufunguo na waya wake akautupa pembeni, akapiga meza kwa ngumi. Ndani ya sanduku kitu kikalia pa! na ile rangi ya chungwa iliyokuwa iking'aa kwenye matundu ikafifia upande mmoja. Nilishtuka hata penseli ikanivunjikia mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akipiga kitu chochote.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa kwenye ngazi na buti moja mguuni, nyingine mkononi. "N'mekosea," alikuwa akimwambia Mama. "Yule ndiye aliyenilea. Nimemwambia aliyenilea kwamba simjui." Mama akamjibu kwamba Jumapili haiko mbali, atamtaka radhi, yatakwisha. Baba akavaa buti ya pili, akaenda kazini. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akaliunganisha, akabonyeza ufunguo. Kimya.

Hapo ndipo matengenezo yalipoanza, na harufu ile ikaingia nyumbani kwetu. Baba alifungua kifuniko, akanionyesha taa za ndani, vichupa vya kioo vyenye nyuzi za moto, na kimoja kimekuwa cheusi. Kile ndicho kilicholia pa. Akatafuta kingine, akakipachika, redio ikarudi kusikia vizuri kama mwanzo: sauti za Warusi, Wataliano, mabaharia, zote zikaja. Lakini haikutuma. Alitia balbu ya kawaida ya nyumbani mahali pa eriali. Umeme ukitoka kwenye redio kwenda hewani, alisema, balbu itawaka. Kila akibonyeza ufunguo, tunaikodolea macho balbu. Haiwaki. Akarudia lehemu za ndani moja baada ya moja. Alipima kwa mita, akabadilisha fyuzi, akapangusa vumbi kwa brashi yangu ya rangi. Kila mara alipotia mkono wa kulia ndani ya sanduku, wa kushoto aliuweka mfukoni. "Umeme wa humu unaua," aliniambia. "Ukigusa kwa mikono miwili unapita kifuani, unakwenda moyoni. Mmoja mfukoni, daima." Na mimi nikawa nakaa pale na mkono mmoja mfukoni, ingawa sikuruhusiwa kugusa chochote.

Mafundi wanaosoma haya watacheka, maana wameshajua kitu ambacho Baba hakukipima. Ufunguo wenyewe hakuufikiria. Ulikuwa shaba tupu na springi, ulitoka kwa kaka yake, umevuka nao bahari. Ingewezekanaje uharibike?

Jumapili ikafika na redio bado bubu. Saa ile ile, mkono wa Ami ukaja, wa pole, wenye kusita. "Anatuita," Baba akasema. Akabonyeza ufunguo ingawa alijua. "Nipo, kaka. Nipo." Alikuwa akisema kwa mdomo, kwa sauti kubwa, kana kwamba Mombasa iko upande wa pili wa barabara. Ami akaita tena. Akanyamaza, akangoja, akaita tena. Sijui iliendelea muda gani. Mimi nilikuwa nimeziba masikio.

"Atadhani nimenuna," Baba akasema. "Atadhani namsikia na simjibu."

"Mwandikie barua," Mama akamwambia.

"Nimeandika, nimechana. Tusi nimelitoa kwa mkono huu, kwa ufunguo huu. Radhi nayo niiombe kwa karatasi, ifike baada ya wiki mbili? Hapana. Nitatengeneza."

Jumapili ya pili Ami aliita mara tatu tu. Kisha, bila kujibiwa neno, akagonga zile zangu mbili, polepole, na akaondoka hewani. Nilimtazama Baba nikaona midomo inamtetemeka. Nilishtuka zaidi ya siku ya ngumi.

Alhamisi iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko mafupi. Mama alikuwa amelala, ametoka zamu ya kufagia uwanja wa ndege, na Baba yuko ghalani. Alikuwa ameniachia daftari na agizo: redio iwe wazi pale pale inapokuja Mombasa, na nikisikia lolote niandike. Nilikaa na mkono wangu mmoja mfukoni. Adhuhuri ilikuwa imeshapita nilipozisikia herufi za Baba zikitajwa, kwa mdomo, kwa Kizungu. Sauti niliijua. Alikuwa Bwana Jivan, Mhindi wa Nairobi, rafiki wa Ami wa hewani, ambaye mara nyingine alijiunga nao kusalimia. Kwetu alijua herufi zetu tu. Jina wala anwani hakuwa nayo.

Sauti yake ilikuwa ikija na kuzama, ikija na kuzama. Alirudia maneno yale yale mara nyingi, na nilichoambulia ni herufi zetu, kisha neno la kuomba samahani, kisha Mombasa, kisha maneno mawili ambayo niliyasikia wazi kabisa: *silent key*. Kisha samahani tena, kisha mvumo.

Nilifurahi mno. Kuhusu samahani sikujishughulisha. Nilikuwa nimekulia London, ambako watu huomba samahani mchana kutwa, ukimkanyaga mtu kwenye basi yeye ndiye anayekuomba samahani wewe. Neno lile nililiona kama uchafu wa masikioni, nikaliacha. Lakini yale mengine mawili niliyafahamu vizuri. Key ni ufunguo. Silent ni kimya. Hapa nyumbani hatukuwa na mazungumzo mengine kwa siku kumi na saba isipokuwa ufunguo na kimya chake! Mombasa wameona tatizo letu. Wanatuambia ugonjwa uko wapi.

Nikakaa nyuma ya mlango kumngoja Baba. Alipoingiza tu funguo zake za nyumba nikamrukia, maneno yananitoka kama yalivyoingia, kwa Kizungu, yote: Bwana Jivan amesema, Mombasa, *silent*...

Baba akainua kidole.

Alikuwa amechoka, lakini alitabasamu, maana ulikuwa mchezo wetu. Nami nikacheka. Nikampita, nikatoka nje na soksi zangu, nikafunga mlango. Nilisimama pale kizingitini, baridi inapanda miguuni, nikayapanga maneno yangu vizuri, nikayapunguza yasiyo na maana. Kisha nikabisha.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Baba.

"Baba, Bwana Jivan kasema hivi. Mombasa wanasema ufunguo kimya."

"Ufunguo kimya?"

"Ndiyo. Mombasa, ufunguo kimya. Kasema mara nyingi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akanishika mabega. "Mama Fulani!" akamwita Mama, jina ambalo hakulitumia ila kwa furaha. "Amka! Kaka kajua! Kajua sikununa! Kajua ni hitilafu, kamtuma Jivan aniambie nitazame ufunguo!" Akaangua kicheko, akajipiga kwenye paji la uso. "Mpiga simu yule! Yuko Mombasa kaona lililonishinda mie hapa mezani!"

Akauchukua ufunguo, akauunganisha kwenye mita, akabonyeza. Mshale haukucheza. Akaukunja waya wake kidogo kidogo kwa vidole, na alipofika karibu na kibao cha ufunguo mshale ukaruka. Gamba la waya lilikuwa zima. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika, pale pale alipouvuta siku ya ugomvi. Chuma kikapata moto, kimoshi kikapanda, harufu ikajaa chumbani. Akabonyeza, na balbu ikawaka. Ikamulika nyuso zetu watatu, na Mama akapiga kigelegele, na Baba akaniinua juu akaniita fundi wake.

Siku zile zilizofuata zilikuwa za furaha kuliko siku zote ninazozikumbuka za nyumba ile. Baba alikuwa akiimba bafuni. Mama alikaanga visheti. Nikamwuliza Baba kwa nini hamwiti Ami sasa hivi, akaniambia Ami kwa kawaida hayuko hewani mpaka Jumapili, na tena radhi ina heshima yake, haiombwi mtu akiwa na buti za ghalani. Nilijisikia mkubwa. Kila ndege iliyopita niliiambia kwamba mimi ndiye niliyetengeneza redio.

Jumapili Baba alivaa kanzu na kofia, kama Sikukuu. Mama alikaa kwenye kiti cha pili, mimi sakafuni. Saa yao ilipofika mkono wa Ami haukuja. "Leo ni zamu yangu kuanza," Baba akasema. Akagonga, akiyatamka maneno ili tuyasikie. "Kaka. Ni mie mdogo wako. Nisamehe. Nenda Unguja. Ukifika, nishikie mlango wa nyumba kwa mkono wako, useme, 'Na mdogo wangu yupo.' Nipe radhi yako."

Akaondoa mkono. Tukasikiliza mvumo. Halafu mlio ukaja, na Baba akatabasamu, na tabasamu likabaki pale pale bila ya kuwa na kazi.

"Si mkono wake," akasema.

Hata mimi nilisikia. Ulikuwa mkono mwingine, wa haraka, usiosita. Baba alichukua penseli akaanza kuandika herufi. Aliandika mstari mmoja na nusu. Penseli ikasimama, lakini mlio uliendelea, na yeye hakuandika tena. Ulipokwisha, alizima redio. Alinigeukia taratibu sana.

"Alhamisi," akasema. "Jivan alisema nini?"

"Ufunguo kimya."

"Hapana. Sema kama alivyosema yeye. Kwa Kizungu."

Nilidhani ananitega. Nikautazama mlango, nikaanza kuinuka.

"Usitoke," Baba akasema. "Hapo hapo ulipo."

Nikamwambia. Maneno mawili. Ilikuwa mara ya kwanza Kizungu kinasemwa ndani ya nyumba yetu kwa ruhusa, na nikajua hapo hapo, bila kujua ni nini, kwamba nimefanya jambo baya kupita mabaya yote.

"Na jengine alisema nini?"

"Aliomba samahani. Nikaliacha hilo."

"Na siku ile mlangoni, ulipoanza, ulikuwa unataka kusema hivyo? Kama ulivyosema sasa?"

"Ndiyo, Baba. Kabla hujaninyanyulia kidole."

Mama alikuwa akimtazama mmoja na kumtazama mwingine. "Nini? Jamani, kuna nini?" Baba alikuwa amesimama mbele ya sanduku lililozimwa, na nikaona mkono wake wa kushoto unaingia mfukoni mwa kanzu. Ukakaa humo. Kisha akatembea, akapita ukumbini, akavaa viatu vyake, akatoka nje. Mlango ukafungwa.

Mimi na Mama tulibaki tunatazamana. Ndege ikapita, vikombe vikalia. Ilipokwisha kupita tukasikia mlango unagongwa.

"Hodi."

Mama alifunika mdomo kwa mkono.

"Hodi hapa."

"Karibu," Mama akasema, kwa sauti isiyo yake.

Baba akaingia. Akavua viatu, akavipanga ukutani kimoja baada ya kingine. Akasimama wima, akasema kwa Kiswahili:

"Kaka yangu kafa. Kafa Jumanne. Keshazikwa."

Nilikuja kujua baadaye kwamba watu wa redio wana namna yao ya kusema. Mwenzao akifa hawasemi kafa. Husema *silent key*, yaani ufunguo wake umenyamaza. Ami alianguka nyumbani kwake asubuhi, majirani wakamzika alasiri, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ana ndugu London. Aliyejua ni Bwana Jivan tu, mwenye mkono ule wa haraka, na njia yake pekee ya kutufikia ilikuwa kulitaja jina letu la hewani na kuomba kuwe na mtu anayesikiliza. Mtu alikuwepo. Alikuwa mimi.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu. Mama alinipakata matanga yote, na Baba alinifuta machozi kwa kofia yake. Lakini mpaka leo, na nimeshakuwa bibi wa watu, naishtukia ile Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, namsikia Baba akiimba bafuni. Alikuwa akiimba kwamba kaka yake amemsamehe. Habari ile niliichukua mimi, nikaivua viatu mlangoni, nikaiingiza ndani ikiwa kitu kingine, na waya ukapona kwa ajili yake.

Fundi wa Tottenham alinirudishia simu akasema, "Tayari, mama, imepona. Si nilikuambia, waya tu?" Nikamshukuru. Nilipofika nyumbani mjukuu wangu alikuja mbio kunipokea, anasema jambo kwa Kizungu, anapumua kwa haraka. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, na nikamwomba arudie kila neno, hapo hapo aliposimama. Baba naye, tangu Jumapili ile, hakuinua kidole tena.